Vellore kati ya randevu mbili

Bandugu, kwetu mutu akisema "ninaenda India kwa matunzo", sisi wote tunawaza viza, ndege na franga. Hakuna mwenye alinieleza kama kazi kubwa ya ule anayesindikiza mugonjwa ni kungoja. Leo wanatoa damu, majibu kesho kutwa, muganga wa moyo juma ijayo. Nilimusindikiza mama Vellore, katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Mji wote umejengwa kuzunguka hospitali: loji, maduka ya dawa, migahawa, wabadili pesa, na wagonjwa wenye bahasha za radio kwapani. Tulikuwa tunabaki chumbani siku nzima, feni inazunguka, mama anahesabu masaa. Siku ya tatu akaniambia: "Papa, hapa mawazo itaniua mbele ya ugonjwa. Toka, angalia kuko nini, urudi unielezee."

Hivi njo nilianza kutembea. Ninawaandikia yale nilimwelezea, sababu najua kati yenu kuko wengine watafika kule na mzazi wao.

Kwanza hiyo hospitali yenyewe. Ida Scudder alizaliwa India mwaka 1870, baba yake alikuwa muganga na mumisionari Mumarekani. Yeye hakutaka kabisa hiyo kazi. Lakini usiku moja wanaume watatu, mumoja nyuma ya mwengine, walikuja kuomba msaada juu ya bibi zao wenye uchungu wa kuzaa. Baba yake alikuwa tayari kwenda, ila kwa desturi yao mwanaume mugeni hawezi kumugusa mwanamuke. Ida hakuwa na masomo. Asubuhi wale wanamuke wote watatu walikuwa wamekufa. Akaenda Marekani, akasoma uganga, akamaliza 1899, akarudi. Mwaka 1900 alianza na kitanda kimoja. 1902 alikuwa na hospitali ya vitanda 40, na 1918 akafungua shule ya uganga ya wanawake peke yao. Wanaume waliingia 1947 tu. Nilipomusomea mama hiyo habari alinyamaza, halafu akauliza: "Na wale watoto?" Sikuwa na jibu.

Toka hospitali, na miguu tu, unafika kwenye ngome. Ni ya karne ya 16, mawe makubwa ya granite, na handaki pana la maji linaizunguka. Wenyeji wanasema zamani ndani ya yale maji walifuga mamba ili adui asivuke. Ndani ya ukuta mumoja kuko hekalu la Shiva, musikiti na kanisa. Lile hekalu lilikaa miaka mingi sana bila sanamu ya mungu wake, mpaka 1981 njo waliirudisha. Juu ya hiyo watu wa Vellore walikuwa wanajicheka wenyewe: ngome bila mufalme, hekalu bila mungu, mto bila maji.

Lakini kile kilinishika zaidi ni usiku wa tarehe 10 Julai 1806. Wakati ule ngome ilikuwa mikononi mwa Kampuni ya Waingereza, na askari wengi walikuwa Wahindi. Wakubwa wao walitoa amri mupya: kilemba cha mutindo mwengine chenye kufanana na kofia ya Wazungu, ndevu zinyolewe, alama ya dini kwenye paji la uso iondoke. Amri moja ikawagusa Wahindu na Waislamu pamoja. Wenye kukataa walichapwa. Na ndani ya ngome hiyohiyo walikuwa wamefungwa watoto wa Tipu Sultan, mufalme wa Mysore aliyeuawa na Waingereza 1799. Basi usiku askari wakaasi, wakaua Wazungu zaidi ya 100, wakapandisha bendera ya Mysore. Haikufika jioni: askari wa farasi walikuja mbio kutoka Arcot, karibu kilometa 25, wakaua mamia ya waasi. Kisha ile amri ya kilemba ikafutwa, na watoto wa Tipu wakapelekwa Calcutta. Hiyo ilikuwa miaka 51 mbele ya uasi mukubwa wa 1857. Mimi niliwaza Luluabourg, Julai 1895, askari wa Force Publique waliogeukia wakubwa wao nyuma ya Ngongo Lutete kuuawa. Pale pia watu husema tu "askari waliasi", hawasemi mambo gani yalijaa mbele.

Mto bila maji ni Palar. Jina linamaanisha mto wa maziwa, lakini miezi mingi unaona muchanga tu. Mvua ya kule ni kidogo, maji mengi yanazuiliwa juu, na muchanga wenyewe unachimbwa kwa kujenga. Tena Ambur, Vaniyambadi na Ranipet wanatengeneza ngozi, na kazi hiyo inakula chumvi nyingi na kromu. Hapa lisanse yangu ya agronomia iliniamusha: sodiumu ikizidi, udongo wa mufinyanzi unafumuka, matundu yanaziba, maji hayaingii tena, hata ukipanda minazi inadumaa. Mwaka 1996 Mahakama Kuu ya India iliamua kama mwenye kuchafua njo alipe kutengeneza. Bandugu wa Likasi na Kolwezi, musome hiyo kesi.

Sokoni nilitafuta biringani ya miiba, fahari ya Vellore, yenye ilipewa ulinzi wa jina lake 2023. Inachoma vidole, lakini nyama yake ni tamu sana. Mama alikula, akasema imekosa mawese.

Kitu moja: mukienda Aprili ao Mei, mutoke asubuhi mapema. Joto linapita digri 40.

Siku muganga alituambia kama vali ya moyo itafunguliwa na kapuira kadogo, bila kupasua kifua, mama hakuuliza bei. Aliuliza kama jioni anaweza kutoka. Tulipanda bajaji mpaka kwenye ngome. Akaketi kando ya handaki, akaangalia maji kwa muda murefu, akaniuliza mamba wako wapi.