Jenereta Inayozeeka kwa Kukaa

Nyuma ya maduka makubwa, hoteli na zahanati za Dar es Salaam zimejaa jenereta za dizeli zilizonunuliwa kwa hofu ya mgao. Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uanze kuzalisha umeme Februari 2024, nyingi zimepata likizo ndefu. Mwenye mali anafurahi: mashine haijatumika, basi bado mpya. Anajidanganya.

Injini ya dizeli haina plagi. Hubana hewa ndani ya silinda mpaka ikapata moto mkali, kisha nozeli hunyunyiza mafuta yakawaka yenyewe. Sasa chukua jenereta ya KVA 60, iwashie taa chache na feni mbili. Silinda hazipati joto la kutosha, dizeli haiungui yote, masizi yanashika kwenye nozeli na ringi za pistoni. Baada ya muda uchafu mweusi, mzito kama lami, huanza kuchuruzika kwenye maungio ya ekzosi. Fundi mwenye haraka atasema injini inakula oili na kupendekeza ovahoo. Kabla hujatoa pesa, ipe mzigo kwanza: viyoyozi, hita, majiko ya umeme, ifanye kazi ya kweli kwa saa kadhaa. Moshi ukisafika, umeokoa pesa nyingi. Moshi wa bluu ukibaki palepale, msikilize fundi wako.

Nchini Marekani, kiwango cha NFPA 110 kinataka jenereta ya dharura ya dizeli iendeshwe kila mwezi kwa dakika 30, na mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wake, au mpaka ekzosi ifikie joto alilotaja mtengenezaji. Kwetu mlinzi huiwasha Jumatatu asubuhi dakika tano bila mzigo wowote, akaizima, akaandika daftarini kwamba iko safi. Afadhali angeiacha. Injini isiyopata moto hubaki na unyevu ndani ya oili, na betri iliyotumika kuiwasha haikupata muda wa kujaa tena.

Oili yenyewe ina hesabu mbili. Kwa mashine nyingi ni saa 250 au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia, na watu husahau huo mwaka. Unguja ilipokaa bila umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, hesabu iliyobana ilikuwa ya saa: mashine inayounguruma usiku na mchana humaliza saa 250 kwa siku kumi na kidogo. Inayokaa kibandani haifikishi saa hizo hata kwa miaka mitano, lakini oili yake inaharibika vilevile.

Dizeli nayo huoza. Tangi likiwa nusu, hewa iliyo juu ya mafuta huacha umande, maji hushuka chini, na bakteria na kuvu huzaliana pale maji yanapokutana na mafuta. Ukikuta ute kwenye filta, ndio hao. Weka tangi limejaa, fungua koki ya chini mara kwa mara, mwaga mpaka itoke dizeli tupu. Na ole wake aliyeuziwa dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, mchezo uliofanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ianze kutia mafuta kiashiria mwaka 2010. Pampu na nozeli hulainishwa na dizeli hiyohiyo, na mafuta ya taa hayana ulaini huo.

Kuna marekebisho mawili ambayo kila mtu hujiona anayaweza. Tapeti hupimwa kwa fila geji, kwa kawaida injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote mbili zimefungwa. Nafasi ifuate kitabu cha injini hiyo, kisichukuliwe cha jirani. Ukishakaza nati pima tena, maana kukaza kwenyewe husogeza skrubu. Ikibana mno valvu haikai sawasawa, inaungua, na injini inakuwa ngumu kuwaka.

La pili ni gavana, kidhibiti cha kasi ya injini. Taa zikififia, mkono wa fundi hukimbilia skrubu yake. Jenereta ya nguzo nne hutoa hezi 50 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika. Zenye gavana la kawaida la springi hutegwa karibu na hezi 52 bila mzigo, ili mzigo ukija zishuke zikae kwenye 50. Pima hezi kabla ya kugusa chochote. Zikiwa sawa na volti ziko chini, tatizo liko kwenye kidhibiti volti. Zikishuka mno mzigo ukiingia, fungua filta ya hewa na ya dizeli uone zilivyoziba.

Haya yote yanamhusu pia anayetafuta jenereta ya mtumba. Muuzaji atakuonyesha saa 90 tu kwenye mita ya mashine ya mwaka 2012, na atataka ulipie uchache huo. Mwambie aiwashe ikiwa baridi, aipe mzigo wa nusu uwezo wake kwa saa nzima mbele yako, nawe usimame karibu na bomba la ekzosi.