Ini lenye mafuta haliko la walevi tu

Kwetu migodini, munganga akisema kama ini la mtu liko na mafuta, wenzake wanacheka: "Acha pombe, ndugu!" Na kuko wenye hawaonje hata chupa moja. Wanaona haya, wanaficha karatasi ya hospitali.

Pombe inaharibu ini, hatubishi. Lakini kuko njia ingine, inapita kwa homoni. Homoni ni mjumbe: inatoka kwa kiungo kimoja, inapita ndani ya damu, inapeleka amri kwa kiungo kingine. Insulini inatoka kwenye kongosho, inaambia mwili upokee sukari. Tumbo likinenepa, mwili unaanza kutoisikia vizuri, na kongosho inatuma ingine, na ingine tena. Ajabu ni hii: ini linakataa amri ya kuacha kutengeneza sukari, lakini ile ya kutengeneza mafuta linaitii. Ndipo mafuta yanajazana. Insulini nyingi tena inasukuma chembe kuongezeka. Ini likiwaka hivyo miaka mingi, chembe zikikufa na kuzaliwa upya, kansere inapata nafasi, na mara ingine hata mbele ini halijakauka kwa sirozi.

Mafuta ya tumbo nayo yanatuma wajumbe wao: leptini inapanda, adiponektini yenye kutuliza moto inashuka. Kwa mama zetu, estrojeni inasaidia kulinda ini, mpaka hedhi ikome. Hiyo ni sababu moja yenye kufanya kansere hii ipate wanaume zaidi.

Kweli, huku Afrika wenye kuleta kansere ya ini zaidi wanabaki hepatiti B na sumu ya kuvu ya karanga na mahindi. Lakini mwenye hepatiti B akipata na ugonjwa wa sukari, anabeba mizigo miwili.

Sasa, kwenye visiti ya kila mwaka tunapigwa radio ya kifua, tunapimwa masikio. Ini, hapana. Na posti ya usiku tunaipitisha kwa mkate na sukre, ndiyo kantini inauza. Tumeandika kwenye madai yetu: kupima sukari na hepatiti B kwa wote, ekografia ya ini kwa mwenye sukari ao tumbo kubwa, na chakula cha kweli usiku. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 7 mpaka 9, moto wa ini unaweza kushuka. Lakini atapunguza namna gani na sukre? Barua iko kwa wakubwa wa kazi. Jibu tungali tunangojea.