Injini Iseme Kabla Haijazimika

Nyakasimbi, mkoani Kagera, haina bandari, lakini meli ya kutoka Bukoba kwenda Mwanza inaihusu. MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilisimama mwaka 2014 kwa ubovu na haikurudi ziwani hadi 2020, ikiwa imefungwa injini mpya na kupewa jina la New Victoria. Katika miaka hiyo wasafiri wengi wa Kagera waliokuwa wakienda Mwanza walizunguka kwa barabara kupitia Biharamulo na Geita. Ndiyo maana namna injini ya meli inavyotunzwa si habari ya mafundi peke yao. Meli nyingi hufanyiwa sevisi kwa kuhesabu saa za kazi: zikitimia, injini inafumuliwa, iwe inaumwa au ni nzima. Mtindo huo una hasara mbili. Injini nzima hufunguliwa bure, na mbovu huweza kuzimika katikati ya safari kabla zamu yake haijafika.

Njia nyingine ni kuitunza injini kwa kutazama hali yake, na hapo ndipo kompyuta inayojifunza kutokana na takwimu inaposaidia. Chukua joto la moshi unaotoka kwenye silinda. Likipanda, huenda nozeli inavujisha dizeli. Huenda pia meli imejaa mizigo na inapigana na upepo, na injini haina tatizo lolote. Kompyuta iliyosoma safari nyingi hukadiria joto linalotarajiwa kwa mzigo na mwendo ule, kisha hulilinganisha na lililopo. Tofauti ikizidi kukua wiki hadi wiki, fundi anaitwa. Nakubali kwamba fundi mzoefu huisikia injini kwa sikio na kuipapasa beringi kwa mkono. Lakini badiliko la nyuzi mbili tatu kwa mwezi halisikiki, na fundi huyo akistaafu anaondoka na ujuzi wake.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la takwimu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Genova, Italia, walitoa mwaka 2014 mkusanyo wa mistari 11,934, kila mmoja ukiwa na vipimo 16, ili kompyuta ikadirie uchakavu wa mitambo ya meli ya kivita. Takwimu zile zilitoka kwenye programu ya kuigiza meli, tena yenye tabo ya gesi. Kuzileta kwenye injini ya dizeli ya Ziwa Victoria ni kujidanganya. Nasi tuna meli chache, hivyo mifano ya kuharibika ni michache. Jibu ni kuifundisha kompyuta uzima badala ya ugonjwa, kwa kuwa siku za uzima ni nyingi, kisha ipige kelele inapoona kitu kigeni. Itakosea mara nyingine, kwa hiyo uamuzi wa kufungua injini ubaki kwa fundi. Wala isibebeshwe yasiyo yake: MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996, haikuzamishwa na injini.

Wapo wanaouliza faida ya onyo iko wapi ikiwa spea hazipo. Spea inayoagizwa kutoka ng'ambo huchukua muda, na onyo la mapema ndilo linalotoa muda huo. Kwa hiyo wenye meli wasisubiri mitambo ya bei kubwa. Waanze sasa kuingiza kwenye kompyuta vipimo vya kila zamu, presha ya oili, joto la kila silinda, mizunguko ya shafti na uzito wa mzigo, pamoja na tarehe ya kila tengenezo.