Martini ya Maskati: mtutu mpya, mtambo uleule

Je, wajua kwamba risasi nene si lazima iishinde nyembamba kwa nguvu? Ushahidi uko Oman, kwenye Martini-Henry, bunduki ambayo jeshi la Uingereza lilianza kuitumia mwaka 1871.

Maskati, mji mkuu wa Oman, ilijaa bunduki za aina hii kwa sababu ya ramani. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana biashara ya silaha Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini ya Ikweta. Zanzibar ilikuwa ndani ya mpaka huo. Maskati, iliyopita nyuzi 23, ilibaki nje. Wafanyabiashara kama Mfaransa Antoine Goguyer wakaweka maghala, majahazi yakavusha shehena hadi pwani ya Makran, na misafara ikazifikisha Afghanistan. Mwaka 1912 Sultani Faisal bin Turki, akibanwa na Waingereza, aliamuru silaha zote zipitie ghala moja la serikali, na soko likadorora.

Mtambo wa Martini-Henry ni wa kupendeza. Ukisukuma chini wenzo ulio nyuma ya kifyatulio, pande la chuma linaloziba mtutu hushuka kwa mbele na ganda tupu huruka nje. Unatia risasi moja kwa mkono, unarudisha wenzo, tayari. Risasi yenyewe ilikuwa na kipenyo cha milimita 11.4 hivi na uzito wa gramu 31, na baruti nyeusi iliirusha kwa mita 400 kwa sekunde. Udhaifu ulikuwa kwenye ganda la mwanzo, lililokunjwa kwa bati jembamba la shaba. Bunduki ikipata moto, ganda huganda ndani na kukatika kitako likivutwa. Vita vya jangwani vikiwa vimepamba moto, hilo lilikuwa balaa.

Mwaka 1888 Waingereza walihamia risasi ya milimita 7.7. Martini nyingi hazikutupwa: mafundi walifungua mtutu wote, wakafunga mwembamba, wakabadilisha pia kifaa cha kung'olea ganda. Risasi mpya ilikuwa na gramu 14 tu, lakini baadaye baruti isiyo na moshi iliipeleka mita 600 kwa sekunde. Piga hesabu: zote mbili hubeba karibu joule 2,500, na ile nyepesi huenda mbali kabla ya kuinama. Gharama yake ni mgandamizo mkubwa zaidi nyuma ya mtutu, na joto kali. Mifuo ya ndani ya mtutu ya aina ya Metford, iliyochongwa kwa kina kidogo, ililika upesi, na kufikia 1895 ilipishwa na ile ya Enfield yenye kina.

Ndiyo maana siafiki mwindaji anayetaka kupanua chemba ya bunduki ya kusukuma, kama Remington 760 iliyotoka 1952, ili tu imeze risasi kubwa. Keekee huongeza nafasi, haiongezi nguvu ya kufuli linaloziba nyuma ya mtutu. Tena risasi ikizidi urefu wa kasha la risasi la bunduki haipandi, hata chemba iwe tayari kuipokea.

Martini haina kasha, hivyo imenusurika na shida hiyo ya pili. Ya kwanza inabaki, hasa kwa nakala zilizofuliwa katika karakana za mpakani mwa Afghanistan kwa chuma kisichojulikana. Aliyeachiwa moja na babu yake ampelekee fundi apime chemba, mtutu na pande la chuma, kila kimoja peke yake, kwani mtutu wa milimita 7.7 hauthibitishi kwamba vilivyo nyuma yake vilitengenezwa kuuhimili.