Picha yako ni nzuri, mbona imekataliwa?

Baada ya kipindi chetu kuhusu kuuza picha kwenye intaneti, wasikilizaji kadhaa mlituandikia mkilalamika: mmepiga picha za mavuno, za mnada wa ng'ombe, za machweo ziwani, mkazituma, na zote zikakataliwa. Tumeona tulieleze jambo hili kwa maandishi, maana redioni dakika hazitoshi.

Masoko kama Shutterstock na Adobe Stock hukusanya picha za watu mbalimbali na kuziuza kwa magazeti, watengeneza matangazo na wachapishaji wa vitabu. Mpiga picha hupata sehemu ya malipo. Kwa Shutterstock sehemu hiyo huanzia asilimia 15, kwa hiyo picha moja huleta fedha kidogo sana. Anayeona faida ni mwenye picha nyingi zilizokubaliwa. Kujiunga ni bure. Mtu akikuomba ada ya "usajili", achana naye.

Tuje kwenye vipimo. Masoko haya mawili hayapokei picha iliyo chini ya megapikseli 4, yaani nukta milioni 4. Simu nyingi za sasa hupiga 12 au zaidi, ndiyo maana watu hushangaa. Tatizo huanzia mikononi mwetu. Ukiivuta picha kwa vidole mara mbili kabla ya kupiga, simu isiyo na lenzi maalumu ya mbali hukata tu kipande cha katikati: nusu ya upana, nusu ya urefu, na zile milioni 12 zinabaki 3. Simu nyingine hujazia nukta za kubuni ili hesabu itimie, lakini majani na nywele huonekana kama vimepakwa rangi ya maji, na mkaguzi anaona. Usivute. Sogea kwa miguu.

Kosa la pili ni WhatsApp. Wengi humtumia ndugu aliye mjini picha ili awasaidie kuipandisha kwa kompyuta. WhatsApp huibana picha ili isile bando, na kilichobanwa hakirudi. Itume kama hati, si kama picha, nayo itafika ilivyo.

Halafu kuna chenga, zile punje punje zinazotokea ukipiga gizani au ndani ya nyumba. Kwenye kioo kidogo cha simu huzioni, lakini mkaguzi huikuza picha. Wewe pia ikuze kabla ya kutuma, uangalie macho ya mtu: yakiwa na ukungu, piga tena. Futa lenzi kwa kitambaa laini (mafuta ya vidole yameharibu picha nyingi kuliko simu mbovu), gusa kioo pale unapotaka paonekane vizuri, na uache vile vichujio vya kung'arisha sura.

Hata picha safi hukwama ikiwa sura ya mtu inatambulika na hakuna fomu ya ridhaa aliyotia saini. Kwa mtoto, anasaini mzazi au mlezi. Nembo ya kampuni kwenye jezi au kofia nayo hukataliwa, kwa hiyo mwombe mwenzako abadilishe nguo kabla hamjaanza.