Kazi isikuvunjie lishe kabla ya upasuaji wa kupunguza uzani

MAMA mmoja, mhasibu katika kampuni jijini Nairobi, alirudi katika kliniki yangu akiwa na huzuni nyingi. Alikuwa amelazwa ili apunguzwe mfuko wa chakula, lakini daktari wa upasuaji alipoingiza kamera alikuta ini limejaa mafuta na kuufunika mfuko huo. Ikabidi amshone na kuahirisha kazi. Mama huyo alikuwa amepewa lishe ya majuma mawili, akaifuata kwa siku nne. Siku ya tano wakaguzi wa hesabu waliingia ofisini, na mandazi nayo yakaingia.

Msomaji, ikiwa unajiandaa kwa upasuaji kama huo, elewa kwanza kwa nini unanyimwa ugali. Sehemu ya kushoto ya ini hulala juu ya mfuko wa chakula. Ili kuufikia kupitia matundu madogo, daktari sharti aliinue ini hilo. Likiwa kubwa na zito, ni rahisi kupasuka na kutoa damu, au likaziba njia kabisa. Ini huweka akiba ya wanga, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu tatu za maji. Ukila kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, wanga ukiwa kidogo na protini ya kutosha, akiba hutumika, maji hutoka, mafuta hupungua na ini husinyaa. Akiba hiyo hurejea upesi. Wale wanaojifanyia karamu ya kuaga chakula siku mbili kabla ya kulazwa hujiharibia kazi ya siku nyingi.

Sasa, wengi hupitisha majuma hayo mawili wakiwa kazini, mbele ya mkubwa mkali na simu zisizokoma. Mtu akifadhaika, mwili hutoa homoni iitwayo kotisoli, ambayo huchochea hamu ya vitu vitamu na vyenye mafuta. Akikosa usingizi, homoni ya njaa nayo hupanda. Kwa hivyo usijilaumu kuwa huna nidhamu unapoikodolea macho sahani ya keki ya mwenzako. Mwili wako unafanya kazi yake. Lakini usiipuuze tabia hiyo pia, kwa sababu upasuaji haukati mazoea ya kula kwa hasira. Soda na aiskrimu hupita kwa urahisi hata katika mfuko mdogo, na nimeona waliorudisha kilo zao kwa njia hiyo.

Ushauri wangu wa kwanza ni wa kalenda. Usikubali tarehe itakayofanya lishe iangukie mwisho wa mwezi ikiwa wewe ni mhasibu, wiki za mitihani ikiwa ni mwalimu, au Juni ikiwa uko serikalini, ambako mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi baada ya miezi 12. Kata siku chache hapo, hasa zile tatu za mwanzo, ambazo kichwa huuma na hasira huwa karibu. Mkubwa wako si lazima ajue kila kitu. Kumwambia kwamba utafanyiwa upasuaji na uko kwenye lishe ya daktari kunatosha.

Saa nne, chai inapoletwa, ondoka. Zunguka jengo kwa dakika kumi kisha urudi unywe supu uliyobeba kwenye chupa ya chai, au maziwa lala yasiyo na sukari ikiwa yamo katika orodha yako. Mayai, samaki, kuku bila ngozi na sukuma wiki hushibisha kuliko watu wanavyodhani. Kunywa maji kama lita mbili kwa siku, ila kama daktari amekuwekea kiwango kwa sababu ya moyo au figo. Pombe, hata ile ya kupoza mawazo jioni, iache kabisa, maana ini ndilo tunalolihangaikia.

Ikiwa una kisukari, usianze lishe hii kabla ya kumwona daktari wako. Insulini na vidonge kama glibenklamaidi hushusha sukari kupita kiasi chakula kinapopungua. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa mkutanoni au ukiendesha gari, usidhani ni shinikizo la kazi. Kula kitu chenye sukari papo hapo, lishe au si lishe, halafu umpigie daktari simu. Zile dawa mpya zinazotoa sukari kupitia mkojo huleta hatari nyingine, ya damu kujaa asidi hata kipimo cha sukari kikiwa sawa, na kwa kawaida husimamishwa siku kadhaa kabla ya upasuaji. Wanaotumia dawa za shinikizo la damu nao wapimwe tena, kwani kizunguzungu ni cha kawaida.

Na ukiteleza, sema. Yule mhasibu aliona aibu kukiri mandazi yake, akapasuliwa bure. Angepiga simu, tarehe ingesogezwa tu. Mara ya pili alingoja wakaguzi waondoke, akachukua likizo yake, akafika hospitalini ini likiwa limenywea.