Kuuza simu iliyotumika kwa mnunuzi wa nje ya nchi: fedha kwanza, kifurushi baadaye

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Biashara ya simu zilizotumika haiishii tena kwenye makabati ya vioo ya mitaa ya Aggrey na Likoma, Kariakoo. Mwenye simu huipiga picha, huiweka katika mitandao ya kijamii pamoja na bei na namba yake, na kabla ya jioni anaweza kupokea ujumbe wa mtu anayejitambulisha kuwa yuko Uingereza, Oman au Comoro. Soko limepanuka, na kwa muuzaji hilo ni jambo jema. Hata hivyo, mauziano ya dukani yana kinga moja ambayo mauziano ya mbali hayana: mnunuzi hutoa fedha akiwa amesimama mbele ya simu, na vitu hivyo viwili hubadilishana mikono kwa wakati mmoja. Simu inapotumwa nchi ya nje, zipo siku ambazo upande mmoja umekwisha kutoa na mwingine bado. Matapeli hufanya kazi katika pengo hilo, na hila zao karibu zote zina lengo moja, yaani kumfanya muuzaji awe wa kwanza kutoa.

Hila iliyozoeleka zaidi huanza kwa upole. Mnunuzi hasumbui. Haulizi afya ya betri, haombi picha ya ziada, wala hapunguzi bei. Kwa anayeijua Kariakoo, mnunuzi asiyeomba kupunguziwa hata shilingi elfu tano ndiye wa kwanza kutiliwa shaka. Anasema simu ni zawadi ya ndugu yake, na anuani anayoitoa iko katika nchi nyingine kabisa, tofauti na ile aliyodai anaishi. Kisha inafika barua pepe yenye nembo ya benki au ya kampuni ya malipo inayojulikana, ikieleza kuwa fedha zimekwisha kulipwa lakini zinashikiliwa hadi muuzaji atakapowasilisha namba ya ufuatiliaji wa kifurushi. Muuzaji anakwenda posta, anatuma simu, anarudisha namba hiyo na kusubiri. Barua pepe ile iliandikwa na mnunuzi mwenyewe. Hakuna fedha iliyowahi kutumwa.

Ni kweli kwamba yapo masoko ya mtandaoni yanayoshikilia fedha za mnunuzi hadi bidhaa ifike, na huo ni utaratibu halali. Tofauti yake ni hii: katika utaratibu halali, muuzaji ana akaunti yake mwenyewe katika soko hilo, aliyoifungua kabla ya mauzo, na huona hali ya malipo kwa kuingia humo mwenyewe. Taarifa ya kushikiliwa kwa fedha iliyokuja kwa barua pepe peke yake, bila akaunti nyuma yake, haina thamani. Vivyo hivyo kwa nakala ya hati ya uhamisho wa fedha wa kimataifa, ambayo matapeli hupenda kuituma ikiwa na mihuri na namba nyingi. Karatasi hiyo huigizwa kwa urahisi, na hata ikiwa ya kweli haithibitishi kuwa fedha zimeingia katika akaunti ya muuzaji.

Namna ya pili humfanya muuzaji atoe fedha pamoja na simu. Tuseme simu inauzwa kwa Sh. 900,000. Unafika ujumbe mfupi unaoonesha kuwa umepokea Sh. 1,300,000, ukifuatiwa na simu ya mnunuzi mwenye haraka: amekosea, hiyo laki nne ni ya wakala wa usafirishaji, tafadhali itume kwenye namba hii. Wananchi wataitambua sauti hiyo, kwani ni ndugu wa ule ujumbe maarufu wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Anayetuma laki nne anatuma fedha zake mwenyewe. Wengine hudai ada ya forodha au bima ambayo eti muuzaji atarejeshewa, na wapo wanaoomba namba ya siri ili "kukamilisha mapokezi". Kupokea fedha hakuhitaji namba ya siri ya mpokeaji, na hakuna mtoa huduma anayeiomba kwa njia ya simu.

Ujumbe mfupi wenye jina la benki au mtandao wa simu hautoshi kuwa uthibitisho, kwa kuwa jina la mtumaji linaweza kughushiwa na ujumbe ukajipanga chini ya zile halisi. Uthibitisho ni salio, nalo liangaliwe kwa njia ambayo muuzaji ameianzisha mwenyewe: kwa kupiga menyu ya mtandao wake, kwa mfano *150*00# kwa watumiaji wa M-Pesa, au kwa kuingia katika programu ya benki, au kwa kwenda katika tawi. Viungo vilivyotumwa na mnunuzi visifunguliwe kwa kazi hiyo. Kwa malipo ya hundi au kadi kutoka nje, salio nalo linaweza kudanganya kwa muda, kwa sababu malipo ya namna hiyo huweza kubatilishwa baada ya wiki kadhaa. Muuzaji wa simu moja hana sababu ya kuyakubali. Fedha zinazotumwa kupitia benki au kampuni ya kutuma fedha yenye leseni, na ambazo muuzaji amekwisha kuzipokea mkononi au kuziona katika salio lake, ndizo zinazofaa.

Kabla ya yote hayo, simu yenyewe iwe safi kisheria. Namba tambulishi ya simu, maarufu kama IMEI, hupatikana kwa kupiga *#06#, na ikitumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 hurejesha jina la mtengenezaji na aina ya simu. Utaratibu huu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ulizoeleka mwaka 2016, simu bandia zilipozimwa katika mitandao ya nchini mwezi Juni. Namba hiyo iandikwe katika makubaliano ya mauzo pamoja na tarehe na bei, na risiti ya ununuzi wa awali itunzwe. Haifai kuibandika katika tangazo, kwani anayeinakili anaweza kuitumia kuipa simu nyingine utambulisho usio wake.

Fedha zikishathibitishwa, muuzaji aondoe laini na kadi ya kumbukumbu, ajiondoe katika akaunti zake na kufuta kila kilichomo. Mpangilio huu una maana. Zipo hila ambazo mnunuzi hupokea simu bila kulipa, kisha hudai kuwa atalipa pindi kufuli la akaunti litakapoondolewa kutoka mbali. Kufuli hilo ndilo karata ya mwisho iliyobaki mkononi mwa muuzaji.

Kuhusu usafirishaji, kifurushi kitumwe kupitia Shirika la Posta Tanzania au kampuni ya vifurushi yenye leseni ya TCRA. Namba ya ufuatiliaji ya posta kwa vifurushi vya kimataifa huwa na herufi mbili, tarakimu tisa, kisha TZ kwa vilivyotoka nchini. Betri ibaki ndani ya simu. Betri iliyo peke yake, pamoja na pawabenki ambayo wengi hupenda kuiongeza kama nyongeza ya mteja, haikubaliki katika posta za ndege, na simu yenye betri iliyovimba isitumwe kabisa. Fomu ya forodha ijazwe thamani halisi. Mnunuzi anayeomba iandikwe "zawadi" ya dola kumi anakwepa kodi ya nchi yake, na kifurushi kikipotea, muuzaji atadaije fidia ya laki tisa kwa kitu alichokitamka kuwa cha dola kumi?

Jambo moja halifahamiki sana na lingeokoa simu nyingi. Kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani, kifurushi hubaki mali ya mtumaji hadi kikabidhiwe kwa mpokeaji anayestahili, na mtumaji anaweza kuomba kirudishwe au anuani ibadilishwe pale sheria za nchi kinakokwenda zinaporuhusu. Aliyegundua saa chache baadaye kuwa malipo yalikuwa ya uongo asikae kumpigia mnunuzi. Aende katika kaunta aliyotumia akiwa na risiti na kitambulisho, aombe kifurushi kizuiwe. Kikiwa bado hakijaondoka nchini, nafasi ya kukipata ni kubwa zaidi, hivyo kila saa ina uzito.

Baada ya hapo atoe taarifa polisi. Kwa wa Kariakoo kilicho karibu ni Kituo cha Msimbazi. Achukue mazungumzo yote, barua pepe, namba za simu na IMEI, bila kufuta chochote hata kama kinamwonea aibu. Udanganyifu kwa njia ya kompyuta na kujifanya mtu mwingine ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba ya Tanzania iliyotumika katika utapeli itumwe pia kwenda 15040. Kuzuiwa kwa IMEI kupitia watoa huduma hufanya kazi katika mitandao ya Tanzania. Simu iliyokwisha kufika Lagos au Dubai inaweza kuendelea kutumika huko, na ndiyo maana safari ya kwenda kaunta ya posta hutangulia ile ya kituo cha polisi.